Ulimi wa Mama Placide

Saa sita ya mchana Kamaldine aliingia uani amebeba samaki mkavu kama ubao, amemlaza juu ya mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto wa mwenzake. Mama yake, Bi Aziza, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko. Kisu kilikuwa kimeshanolewa, karai la maji lilikuwa tayari, na majani ya ndizi yametandikwa chini ili magamba yasitawanyike. Alikuwa anangoja kapiteni wa kutoka Nyangwe, samaki mbichi wa mto Lualaba, mnene wa mgongo. Alimtazama mwanawe, akatazama alichobeba, kisha akachukua kisu na kukirudisha kikapuni pole pole.

"Ile ni nini?"

"Makayabo, mama."

"Makayabo naiona. Ninakuuliza samaki iko wapi."

Kamaldine alieleza akiwa bado amesimama. Mvua ya siku tatu ilikuwa imebeba magogo ya daraja kwenye njia ya Nyangwe. Watu wa kinga, wanaoleta samaki kwa baiskeli, walikwama ng'ambo na vikapu vyao, na harufu iliyotoka huko ilisema yenyewe kwamba hata wangevuka, samaki wale wasingefika jikoni kwa mtu. Sokoni palibaki dagaa walionyeshewa, na makayabo, yule samaki wa bahari anayepakwa chumvi na kukaushwa, halafu anasafirishwa mbali hata yeye mwenyewe anasahau kama aliwahi kuogelea. Bei yake ilikuwa ya kuku watatu. Mchuuzi alipoona haraka yake, alipandisha bei mbele ya watu, akauliza kama wakwe wa Kabambare hawali maharagi. Watu walicheka. Kamaldine naye alicheka, kama mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wageni, akalipa.

Bi Aziza alimpokea samaki yule, akamgonga na kifundo cha kidole. Samaki alilia ko, ko, kama mlango.

Wakwe walikuwa tayari njiani. Mzee Bulaimu, baba wa kijana, na dada yake, Shangazi Sifa, walikuwa wameondoka Kabambare kwa moto mbili, zile pikipiki za kukodi, na jua la magharibi lingewakuta hapa Kasongo. Katika jamaa zao, mwezi wa Ramadhani kabla ya harusi, upande wa kijana unakuja kufungua mfungo nyumbani kwa binti, mara moja tu. Chungu kinawekwa katikati ya mkeka, kifuniko kinatolewa, wageni wanakula. Wakimaliza, chungu kinarudi jikoni bila kufunikwa, kinapita mbele ya macho yote. Kikiwa kitupu, hakuna anayesema kitu. Kikiwa na mchuzi ndani, maneno yanapanda moto na kufika Kabambare kabla ya wageni. Mwaka uliopita binti mmoja wa mtaa wa pili chungu chake kilirudi nusu. Hakuna aliyevunja uchumba ule. Ulianza tu kukohoa, leo mjomba mgonjwa, kesho njia mbaya, mpaka watu wakaacha kuuliza.

Bi Aziza alikuwa ameoza mabinti wanne kwa chungu kile kile cha aluminiamu chenye kifuniko kilichobonyea. Mara nne kilirudi kitupu. Sasa ilikuwa zamu ya mjukuu wake Soraya, aliyemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki, na Soraya alimpenda kijana Hamadi kwa namna ambayo haikuhitaji kuulizwa. Ilionekana katika jinsi alivyofagia uwanja mara tatu tangu asubuhi.

"Bibi," alisema Soraya, "makayabo inalala ndani ya maji usiku muzima. Sisi tuko na masaa sita."

"Basi italala mchana," alijibu Bi Aziza. "Chemsha maji."

*

Mtu wa mbali angeweza kuuliza: mpishi aliyeshika mwiko miaka hamsini anaogopa nini mbele ya samaki mkavu? Jibu lilikuwa ng'ambo ya ua wa matete, limekaa kwenye mkeka, linapukusa karanga.

Bi Aziza alikuwa mtu wa kufunga mdomo. Shehe alikuwa ameshasema zaidi ya mara moja kwamba mpishi anaweza kugusa mchuzi na ncha ya ulimi, akatema, mfungo wake usidhurike. Wanawake wengi walifanya hivyo. Bi Aziza hakupinga maneno ya shehe, ila mama yake alikuwa amemfundisha kwamba alfajiri ikiingia mdomo ni nyumba iliyofungwa, na mwenye nyumba hachungulii dirishani. Kwa hiyo kila Ramadhani, saa ya alasiri, jirani yake Dieudonnée, mama Placide, mkulima na mkristo wa kanisa la kwanza kabisa la mtaa ule, alipita kwenye tundu la ua akiwa na kijiko chake mwenyewe cha mti. Alichota, akaonja, akatazama mbingu, akatoa hukumu: maji, chumvi, bado, sasa. Miaka ishirini na saba. Halafu alirudi kwake na bakuli la mchuzi lililofunikwa, na siku ya Noeli bakuli lilipita njia ile ile likirudi na wali na kuku, aliyechinjwa na Kamaldine ili nyumba zote mbili zile.

Basi mwezi mmoja kabla ya mfungo, kwenye bomba la maji, wanawake walikuwa wanasifu mchuzi wa Bi Aziza. Dieudonnée, ambaye ulimi wake ulijua kuonja kuliko kunyamaza, alicheka akasema: "Ile mchuzi? Toeni ulimi wangu, mutaona kama ni bata ndio wanaikula." Wanawake walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Neno lile halikungoja mtu wa kulibeba. Lilitembea lenyewe, likafika kwa Bi Aziza kabla ya ndoo ya pili kujaa.

Bi Aziza hakwenda kugombana. Alichukua mlango wa zamani uliokuwa nyuma ya choo, mlango wa mti mzito uliobaki wakati Kamaldine aliponunua wa bati, akausimamisha kwenye tundu la ua na kuukaza kwa mawe. Ng'ambo, Dieudonnée aliona mlango. Naye alikuwa na kiburi chake. Hakuuliza.

Ramadhani ilikuwa imefika siku ya ishirini na mbili. Bi Aziza alikuwa amepika siku zote hizo kwa macho, kwa pua na kwa mkono. Jioni aliuliza: "Iko namna gani?" Kamaldine alijibu: "Tamu, mama." Kweli, mara nyingi ilikuwa tamu. Lakini siku ya tano mchuzi ulikuwa kama maji ya kunawia, na siku ya kumi na mbili nyumba nzima iliamka usiku kutafuta mtungi. Kamaldine alikunywa vikombe vitano gizani, kwa siri, kama mwizi. Asubuhi alisema tena kwamba ulikuwa mtamu. Mama alisikia mtungi mtupu ukigongwa, akaelewa.

*

Walimkata makayabo vipande, wakamtia maji ya moto. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Wakamwaga, wakatia mengine. Mara ya pili, mara ya tatu. Nyama ya samaki ililegea, ikaanza kufanana na samaki tena. Soraya alitoa miiba kwa vidole, akiipanga juu ya jani moja moja, kwa sababu mwiba kwenye koo la mkwe ni maneno ya miaka kumi.

Bi Aziza alishika nyanya. Hapo mtu angependa kumtazama. Alizimwagia maji ya moto, akazivua ngozi kama mtu anayemvua mtoto shati, akazikamua mbegu, akazikatakata mkononi bila ubao. Vitunguu vilitangulia katika mafuta ya mawese mpaka vikalainika, halafu kitunguu saumu, halafu nyanya zote kwa mara moja, na ile sauti ya kwanza ya nyanya katika mafuta ikajaza uwanja. Alikoroga kwa mwiko mrefu, bila haraka. Nyanya zilivunjika, zikatoa maji, zikakubali. Kila mpishi anajua saa ile nyanya zinapoacha kuwa nyanya na kuwa mchuzi: mafuta yanapanda juu, mekundu, yanasimama pembeni kama watu wanaongoja kuitwa.

Na hapo, kama siku zote za maisha yake, mkono wa kushoto ulikwenda kwenye kopo, ukachota chumvi kwa vidole vitatu, ukaitupa ndani. Mara moja. Mara ya pili. Mkono uliojua kapiteni mbichi, mkono usiouliza.

Soraya aliona. "Bibi."

Bi Aziza alisimamisha mwiko. Alitazama vidole vyake, na punje nyeupe mbili tatu zilizobaki juu ya kucha. Kisha akatazama vipande vya makayabo, alivyoviongeza muda mfupi uliopita, vikizama polepole katika wekundu ule. Nyanya nyingine hazikuwapo. Zote zilikuwa ndani.

"Labda si nyingi," alisema Soraya.

"Labda," alisema Bi Aziza.

Aliinama juu ya chungu, akavuta harufu kwa nguvu. Ilikuwa harufu nzuri kupita kiasi. Lakini chumvi haina harufu. Ina uzito mdogo, haina rangi ikishayeyuka, na haipigi kelele. Mtu anaweza kuinamia chungu mpaka kesho na chumvi isimwambie kitu.

Walimwita mtoto wa dukani aliyekuwa anapita, wa miaka sita, wakampa kijiko. Alilamba, akasema tamu. Walimwambia alambe mkono wake mtupu, kwa mchezo, akasema nao ni mtamu. Wakamwacha aende.

"Mi nitagusa na ulimi kidogo," alisema Soraya. "Nitatema. Shehe amesema."

"Najua alichosema shehe. Wewe ni bibi harusi ya nyumba hii, umefunga siku ishirini na mbili bila kosa. Sitakufungulia dirisha kwa sababu ya mkono wangu."

Soraya alivunja kijiti, akakitupa motoni. Alipozungumza hakumtazama bibi yake. "Basi nimuite mama Placide."

Moto ulilia. Ng'ambo ya ua, sauti ya karanga zinazopukuswa iliendelea, ka, ka, ka, na ilikuwa karibu sana. Mtu aliyekuwa pale alikuwa amesikia kila neno tangu asubuhi. Nyua za matete zinaficha mtu, hazifichi maneno.

"Unataka niende kumwambia nini?" aliuliza Bi Aziza kwa sauti ndogo. "Nimwambie kama bata wamefika?"

Soraya alikuwa amekunja magoti, kidevu juu yake, kama alivyokaa akiwa mdogo, usiku ule walipotoka kumzika mama yake. Bi Aziza aliona. Aliliona pia jua, lilikuwa limeshapita juu ya paa la jirani. Aliinuka, akajipangusa mikono kwenye kitenge, akaenda mpaka kwenye mlango wa zamani. Akasimama mbele yake kama mtu aliyefika ugenini.

*

Mwanamke mwingine angeomba radhi. Mwingine angepiga hodi. Bi Aziza alikuwa na njia moja tu ya kuzungumza na mtu yule, ile waliyoitumia tangu wakiwa wanyonyeshaji, jioni, kila mmoja upande wake wa ua, watoto mgongoni.

"Kitendawili," alisema.

Karanga zilinyamaza. Soraya akainua kichwa.

"Tega," ilisema sauti ya ng'ambo, kavu.

"Mutoto wa maji, akirudi kwa mama yake anakufa."

"Chumvi. Hata mutoto wa nyuma ya kanisa anajua ile."

"Njo ile," alikubali Bi Aziza.

Sauti ikauliza, sasa karibu kabisa na mlango: "Imekufa, ao iko hai bado?"

Bi Aziza aliweka kiganja juu ya mbao. "Sijui," alisema. Kamaldine, aliyekuwa anatandika mikeka upande wa pili wa uwanja, aligeuka. Hakuwahi kumsikia mama yake akitamka neno lile karibu na chungu. "Sijui, mama Placide. Njo maana ninakuuliza."

"Ondoa mawe yako," alisema Dieudonnée.

Kamaldine alikimbia. Mawe yalitoka, mlango ulilalia upande, na katika tundu la ua alitokea mwanamke mfupi, mweusi, na kofia ya majani kichwani, kijiko cha mti tayari mkononi. Alikuwa amekishika tangu saa ngapi, hakuna aliyemuuliza.

Hawakusalimiana. Alikwenda moja kwa moja kwenye chungu, akachota, akapuliza, akaonja. Akatazama mbingu. Uso wake haukubadilika, ila jicho moja lilianza kutoa machozi.

"Mama Kamaldine," alisema. "Hii si mchuzi. Hii ni bahari yenyewe imekuja kutembea Kasongo."

Soraya alijifunika uso na kitenge. Bi Aziza alisimama wima, mikono nyuma.

"Sema yote," alisema.

"Nimesema yote. Wakwe wako wakikula hii, watarudi Kabambare wamekauka, utawapanga kwa mafungu sokoni." Alipangusa jicho. Kisha akashusha sauti, akionja tena, kijiko kidogo kuliko cha kwanza. "Lakini chini ya chumvi iko kitu. Ile tomati umeipika vizuri sana. Sijapata kuonja kama ile. Ingekuwa makosa kuitupa."

"Tomati zimekwisha. Na huko sokoni saa hii hakuna mutu."

Dieudonnée aligeuka, akapita kwenye tundu, akarudi amebeba kikapu kichwani, nyanya nyekundu zilizopangwa kwa mzunguko juu ya majani, kubwa juu, ndogo chini, kama wauzaji wanavyopanga. Zilikuwa za soko la kesho.

"Ile ni ya soko," alisema Bi Aziza.

"Soko haina mukwe. Leta sufuria kubwa."

Wakafanya kazi. Vipande vya samaki vilitolewa kimoja kimoja, vikaoshwa tena kwa maji ya moto. Nusu ya mchuzi wa kwanza ilitengwa kwenye bakuli, ingeliwa siku nyingine na maji mengi. Nyanya za Dieudonnée zilivuliwa, zikakatwa, zikaingia katika mafuta mapya na vitunguu vitupu, bila punje ya chumvi, na zamu hii Soraya alikuwa amekaa juu ya kopo la chumvi. Ndizi mbichi zilimenywa na kukatwa vipande, zinywe chumvi kama mchanga unavyokunywa mvua. Wali ulipikwa bila chumvi kabisa.

Walipofika kwenye kumenya ndizi, magoti yao yakigusana juu ya karai moja, Dieudonnée alisema bila kuinua macho: "Neno lile la bomba. Lilinitoka, watu walicheka, nikaona utamu wa kuchekesha watu. Haikuwa vizuri."

Bi Aziza alimenya ndizi nzima kabla ya kujibu. "Ulisema bata."

"Nilisema bata."

"Ungesema hata kuku."

"Kuku wako na mudomo mudogo," alisema Dieudonnée. "Hawangemaliza."

Bega la Bi Aziza lilianza kutikisika. Alijizuia kwa sababu ya mfungo, kwa sababu ya heshima, kwa sababu ya siku ishirini na mbili, lakini bega halikumsikiliza. Soraya aliwaona wanawake wawili wazima wameinamia karai wakicheka bila sauti, machozi yakidondokea ndizi, akawaambia waangalie wasije wakaongeza chumvi.

Wakaunganisha mchuzi wa kale na mpya. Dieudonnée akaonja. "Bado." Moto ukapunguzwa. Akaonja tena. "Bado." Pilipili nzima ikawekwa juu, isipasuke. Jua lilikuwa jekundu nyuma ya migomba wakati moto mbili ziliposikika zikilia kwenye tope la njia. Dieudonnée alionja mara ya tatu, na hakutazama mbingu. Alifumba macho.

"Sasa," alisema.

*

Shangazi Sifa alishuka kwenye moto akiwa na tope mpaka magotini, mwanamke mkubwa wa sauti kubwa, akatangaza kwa kila mtu kwamba msafiri ameruhusiwa kula lakini yeye amefunga juu ya moto kutoka Kabambare mpaka hapa, na mashimo yote ameyahesabu kwa kiuno. Kaka yake, mzee Bulaimu, alikuwa mtu wa maneno machache. Alinawa, akauliza kibla iko upande gani.

Adhana ikaita. Wakafungua kwa maji na uji wa mchele, wakaswali, wakarudi kwenye mikeka. Hapo ikaonekana kwamba mkeka wa katikati, mahali pa chungu, umelowa kwa tope la uwanja, na meza haikuwapo. Kamaldine aliufikiria mlango wa zamani. Aliulaza juu ya matofali manne katikati ya mikeka, akautandika kitambaa, na juu yake wakaweka wali, na chungu cha kifuniko kilichobonyea.

Kifuniko kikatoka. Mvuke ukapanda, mwekundu wa harufu. Mzee Bulaimu akachukua tonge la kwanza. Shangazi Sifa akafuata. Alitafuna, akasita, tonge la pili mkononi likiwa katikati ya njia.

"Mama Kamaldine," alisema, "unisamehe, mi ni mutu wa kuuliza. Kule tulipopumuzika, mutu mumoja wa moto alitusimulia ati katika nyumba hii chumvi inatoka kwa jirani. Ati bila ule jirani, chungu ni cha bata. Nikasema, ngoja nifike niulize mwenyewe. Ni kweli?"

Kamaldine alitazama mkeka. Nyuma ya pazia la mlango wa nyumba, Soraya alikuwa ameshika sinia la maji ya kunawa na hakuweza kulishusha wala kulibeba. Chungu kilikuwa kimepungua kidogo tu, theluthi haijafika.

Bi Aziza alikuwa na maneno tayari. Midomo ya barabarani, angesema, na watu wangecheka, na ingeisha. Alitazama ua. Katika tundu, kule ng'ambo, Dieudonnée alikuwa amekaa tena kwenye mkeka wake. Karanga zake zilikuwa kimya. Nyua zinaficha mtu, hazifichi maneno.

"Ni kweli," alisema Bi Aziza.

Alinyoosha mgongo. Hakuwa mrefu, lakini waliokuwapo walisema baadaye kwamba alionekana mrefu.

"Mkono ni wangu. Ulimi ni wa mama Placide. Leo mkono wangu ulikosea, nikaharibu chungu, na yeye njo alikiokoa, na tomati zake mwenyewe za soko. Mwaka wa ishirini na saba sasa. Mimi nikifunga, yeye ananionjea. Siku yake ya Noeli, mwanangu anamchinjia kuku ili na sisi tukule. Mabinti wangu wanne wameolewa kwa ulimi ule. Mwenye kutaka chungu cha nyumba hii anachukua vyote viwili, mkono na ulimi. Moja peke yake hatutoi." Kisha akageuza kichwa, akaita kwa sauti ya kawaida, kama anayeita mtu aliye chumba cha pili: "Mama Placide. Wageni wanakungoja, chakula kinapoa."

Dieudonnée alikuja. Alikuwa amevua kofia, amejifunga kitenge kingine. Alikaa pale alipoonyeshwa, kando ya Bi Aziza, na hakujua pa kuweka macho, kitu ambacho hakikuwahi kumpata.

Shangazi Sifa alimtazama sana. Halafu akalipeleka lile tonge mdomoni, akalimaliza.

"Kwetu alikuwako mama mumoja wa kanisa, mama Louise," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Alikuwa anapita jikoni kwangu saa ya alasiri, kama wewe. Watoto wake walimuchukua kwenda Salamabila, mwaka wa tatu huu. Tangu pale tunakula kwa bahati. Leo maji, kesho chumvi. Nikimuuliza huyu kaka yangu, anasema tamu."

"Ni kweli," alisema mzee Bulaimu, neno lake la kwanza tangu swala. Akatafuta maneno mengine. "Ninakunywa maji usiku, wamelala."

Kamaldine aliinua uso, akamtazama mzee yule kama ndugu aliyepotea.

Baada ya hapo watu walikula. Ndizi zilikuwa zimelainika katika nyanya, samaki wa bahari alijitenga kwa mapande makubwa meupe, na pilipili ilikuwa imetoa harufu bila kutoa moto. Shangazi Sifa aliomba wali tena. Aliukandamiza kwenye ukuta wa chungu, akauzungusha, akala. Akauzungusha tena. Aluminiamu ilianza kuonekana chini, ikameta kwa mwanga wa taa. Dieudonnée, aliyekuwa amepata macho yake, na ulimi wake pia, akaona nafasi.

"Kitendawili," alisema.

"Tega," wakasema watu wa nyumba.

"Chungu kimoja, mama wawili. Mumoja amefunga, mwingine amekula. Ni nani amepika?"

Shangazi Sifa alifikiri, au alijifanya kufikiri. Alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. Akalamba kidole gumba.

"Kile kimenishinda," alisema.

"Basi toa muji," alisema Bi Aziza, kwa sababu ndiyo sheria, aliyeshindwa kitendawili anatoa mji.

Shangazi Sifa alichukua chungu kwa mikono yake miwili, akakiinamisha ili kila mtu aone ndani, hakuna kitu, hata mwiba. Akakiinua kuelekea pazia, ambako Soraya alikuwa amesimama.

"Shika, mwanangu, ukakioshe," alisema. "Mimi ninawapa Kabambare muzima. Na Hamadi yuko ndani yake."

Soraya alikipokea, akakipeleka jikoni bila kukifunika, akipita polepole mbele ya macho yote. Kesho yake Kamaldine alitaka kuurudisha mlango wa zamani nyuma ya choo. Bi Aziza akamwambia auache palepale juu ya matofali.